Kutengeneza Programu Tumizi ya Simu Bila Kuandika Msimbo: Mambo ya Kuzingatia kwa Wajasiriamali wa Kunduchi

Biashara nyingi ndogo katika Kata ya Kunduchi zimekwisha kuingia kwenye simu ya mkononi. Muuza samaki wa Kunduchi Pwani hupokea oda kwa WhatsApp, muuza kokoto wa Mtongani hulipwa kwa Lipa Namba, na dereva wa bodaboda wa Ununio huitwa na wateja wake kwa simu. Kwa sababu hiyo, vijana wengi wanajiuliza iwapo wakati umefika wa kuwa na programu tumizi yao wenyewe, yaani aplikesheni ambayo mteja huifungua na kuagiza.

Hapo zamani swali hilo lilihitaji mtaalamu wa kompyuta na fedha nyingi. Leo zipo zana zinazomwezesha mtu asiyejua kuandika msimbo kutengeneza programu inayofanya kazi. Urahisi huo umeleta pia hatari yake: kijana anaweza kutumia akiba yake, au mkopo wa kikundi, kutengeneza kitu ambacho hakuna anayekihitaji. Makala haya yanaeleza namna ya kutengeneza, kujaribu na kupata kipato, kwa mpangilio unaolinda fedha ya mwananchi.

Zana hizi hufanyaje kazi?

Zana za kutengeneza programu bila msimbo zimegawanyika katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la kuunganisha vipande. Mtumiaji huburuta kitufe, picha au kisanduku cha maandishi na kukiweka kwenye skrini, kisha huunganisha vipande vya maelekezo kama vile "kitufe kikibonyezwa, fungua ukurasa wa bei". MIT App Inventor ni mfano unaojulikana zaidi. Ilianzia Google mwaka 2010, baadaye ikachukuliwa na Chuo cha MIT cha Marekani, na hutumika bila malipo.

Kundi la pili hujengwa juu ya jedwali. Ukiwa na orodha ya bidhaa, bei na namba za wauzaji katika jedwali la kompyuta, zana kama AppSheet au Glide huigeuza kuwa programu ya simu. Kwa Glide, mteja hufungua programu kwa kiungo cha intaneti bila kupakua kitu kutoka Google Play. Kwa biashara ndogo, njia hii ndiyo nyepesi kuliko zote.

Kundi la tatu, ambalo ni jipya, ni zana za akili mnemba. Mtumiaji huandika kwa maneno ya kawaida anachokitaka, na zana huandika msimbo kwa niaba yake. Ni za haraka sana, lakini mtu asiyeuelewa msimbo huo hupata shida pale programu inapoharibika.

Jiji la Dar es Salaam lina uzoefu wa kazi ya namna hii. Kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa, ikiwemo ya Kata ya Tandale katika Manispaa yetu, walichora ramani za maeneo yanayokumbwa na mafuriko. Miongoni mwa vifaa vyao ilikuwa programu ya simu ya kukusanya taarifa, ambayo madodoso yake yanaweza kuandaliwa katika jedwali la Excel. Mkusanya taarifa hakuhitaji kuandika msimbo. Alihitaji kuujua mtaa wake na kuuliza swali sahihi.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano. Mwaka 2017 wasichana watano wa shule ya sekondari kutoka Kisumu walifika fainali za mashindano ya Technovation nchini Marekani kwa programu waliyoiita i-Cut, iliyolenga kuwasaidia wasichana walio katika hatari ya kukeketwa kuomba msaada. Walianza na tatizo walilolifahamu katika jamii yao, kisha wakatafuta zana.

Anza na daftari kabla ya skrini

Tuchukulie kijana wa Mtongani anayetaka programu ya kuuza samaki wabichi wa pwani yetu na kuwapelekea wateja majumbani. Kabla ya kufungua zana yoyote, anashauriwa kuifanya kazi hiyo kwa mkono kwa wiki mbili. Apokee oda kwa WhatsApp, aandike katika daftari, apeleke mzigo kwa bodaboda na apokee malipo kwa simu.

Daftari hilo litamjibu maswali ambayo programu haiwezi kumjibu. Wateja huagiza saa ngapi, na je, saa hizo zinaoana na saa ambazo vyombo hurudi kutoka baharini? Samaki wangapi walirudishwa? Ni nani aliyeagiza mara ya pili? Bahari ikichafuka na samaki wakaadimika, bei ilibadilika mara ngapi kwa siku? Ikiwa bei hubadilika kila asubuhi, ukurasa wa bei usioweza kubadilishwa kwa dakika chache utaleta ugomvi na wateja.

Baada ya wiki mbili atajua sehemu ipi ya kazi ndiyo nzito. Kama uzito uko katika kujibu swali lilelile la bei mara 40 kwa siku, programu itamsaidia. Kama uzito uko katika kukosa barafu au usafiri, hataupunguza kwa programu, na ni heri fedha yake iende kwenye sanduku la kuhifadhia samaki.

Kutengeneza toleo la kwanza

Toleo la kwanza liwe dogo. Kwa mfano wetu, skrini tatu zinatosha: orodha ya samaki waliopo leo na bei zake, fomu ya oda yenye jina, namba ya simu na mahali pa kupeleka, na ukurasa unaoonyesha kwamba oda imepokelewa. Malipo yaendelee kwa Lipa Namba nje ya programu. Kila kipengele kinachoongezwa mapema ni kipengele kingine kitakachoharibika mapema.

Maneno yawe ya Kiswahili kinachosemwa na wateja. Mteja wa Kunduchi anaelewa "Agiza" na "Lipa" kwa haraka kuliko maneno marefu ya kitaalamu. Picha zipunguzwe uzito ili zisimalize bando la mteja.

Majaribio

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo inayotenganisha programu itumikayo na ile inayosahaulika. Jaribio halimaanishi kumwonyesha rafiki na kumsikia akisema "nzuri". Mpe mtu simu, mwambie "agiza kilo moja ya samaki", kisha nyamaza. Usimwelekeze. Andika mahali alipokwama, alipobonyeza kisichobonyezeka, na alipouliza swali. Watu watano hivi wa rika na kazi tofauti watakufunulia kasoro nyingi: mama lishe, mwalimu, fundi, mzee na mwanafunzi.

Jaribu pia katika mazingira halisi. Tumia simu ya zamani yenye nafasi ndogo. Tumia juani ufukweni, ambako skrini hufifia, na kwa mkono uliolowa maji ya samaki. Zima data katikati ya oda uone kama oda itapotea au itatumwa mara mbili. Oda iliyotumwa mara mbili ni mzigo wa pili utakaorudishwa.

Anayetaka kuiweka programu Google Play anapaswa kujua masharti. Kufungua akaunti ya mtengenezaji hugharimu dola 25 za Marekani, ambazo hulipwa mara moja tu. Akaunti mpya ya mtu binafsi hutakiwa pia kwanza kuifanyia programu jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo. Wachague watu hao miongoni mwa wateja wako halisi, ili siku hizo 14 zikupatie mafunzo pamoja na kibali. Upande wa Apple ada ni dola 99 kila mwaka. Kwa biashara inayoanza, kiungo cha intaneti kinachotumwa kwa WhatsApp kinaweza kutosha kwa miezi ya mwanzo.

Fedha itapatikanaje?

Njia zinazozoeleka ni nne: kutoza ada ndogo kwa kila oda, kuwatoza wauzaji ada ya mwezi ili waorodheshwe, kuweka matangazo, na kuwatengenezea programu wafanyabiashara wengine kwa malipo. Matangazo huhitaji maelfu ya watumiaji wa kila siku ndipo yalete kipato cha maana, hivyo hayafai kuwa tegemeo la programu ya mtaa mmoja. Aidha, Google hukata kamisheni kwa bidhaa za kidijitali zinazouzwa ndani ya programu. Bidhaa halisi kama samaki au kokoto haziguswi na makato hayo.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Kijana wetu anapata oda 15 kwa siku na kutoza shilingi 500 kwa kila oda iliyokamilika. Oda 3 zinashindikana kwa kuwa mteja hapatikani, na kila moja inamgharimu shilingi 2,000 za bodaboda. Oda 12 zilizokamilika zinampa shilingi 6,000, na oda 3 zilizoshindikana zinamtoa shilingi 6,000. Hajabakiwa na kitu, na bando bado hajalipia.

Sasa akiweka utaratibu wa kumpigia mteja kuthibitisha kabla mzigo haujaondoka, na oda zinazoshindikana zikashuka hadi 1, mapato yatakuwa shilingi 7,000 na hasara shilingi 2,000. Atabakiwa na shilingi 5,000 kwa siku, sawa na shilingi 130,000 kwa siku 26 za kazi. Programu ni ileile. Kilichobadilika ni simu moja ya uthibitisho. Kutoka katika fedha hiyo ndipo atatoa bando na ada ya mwezi ya zana, ambayo mara nyingi hutozwa kwa dola na hivyo hupanda shilingi inaposhuka thamani.

Sheria na taratibu

Biashara inayoendeshwa kwa programu ni biashara kama nyingine. Jina la biashara husajiliwa BRELA, Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi hutolewa na TRA bila malipo, na maombi ya leseni ya biashara hufanyika kupitia mfumo wa TAUSI.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya majina, namba za simu au mahali wanapoishi wateja. Mkusanyaji wa taarifa hutakiwa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kumweleza mteja sababu ya kukusanya, na kuzitumia kwa sababu hiyo pekee. Kanuni rahisi ni kutokusanya usichokihitaji. Muuza samaki hana haja ya namba ya NIDA ya mteja wala orodha ya namba zilizomo katika simu yake.

Tahadhari kubwa zaidi inahusu fedha za watu. Programu inayotunza salio la wateja au kukopesha huhitaji kibali cha Benki Kuu ya Tanzania. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Anayeanza na aache malipo yapite moja kwa moja kwenye Lipa Namba ya muuzaji.

Nani mwenye mali?

Ukimlipa fundi akutengenezee, hakikisha akaunti zote, yaani barua pepe, akaunti ya zana na ya Google Play, zimefunguliwa kwa jina lako na nywila unazo wewe. Makubaliano yaandikwe, na malipo yafanyike kwa hatua, kila hatua baada ya kuona kazi ikifanya kazi kwenye simu yako. Bila hayo, siku fundi anapohama, programu na orodha ya wateja wako huhama naye.

Zana yenyewe nayo inaweza kufungwa. Google ilifunga zana yake ya App Maker Januari 2021, na waliokuwa wakiitegemea wakalazimika kuhama. Kwa hiyo chagua zana inayokuruhusu kupakua taarifa zako, na zipakue kila mwisho wa juma.

Pa kupata msaada

Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata ndiye wa kumwona kuhusu mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri, yaani asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mwombaji aende na daftari la majaribio na hesabu yake. Mkopo hurejeshwa hata kama programu haikupata wateja, hivyo ni busara ombi lifuate majaribio, lisiyatangulie. Maswali ya leseni yaelekezwe kwa Afisa Biashara. Wenye wazo la kibunifu wanaweza pia kufika Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyopo Kijitonyama, ambayo ina kituo cha kulea wabunifu cha Buni.

Wananchi mnakumbushwa kwamba kusajili TIN hakuna malipo, na malipo yote ya Halmashauri hufanyika kwa kumbukumbu namba ya malipo. Yeyote anayedai fedha mkononi ili "aharakishe" leseni au mkopo atolewe taarifa katika ofisi ya Mtendaji wa Kata.