Ikama ya Walimu na Somo la Kiswahili

Wanafunzi wetu wa ualimu hutuuliza kwa nini shule ya msingi inayohitaji mwalimu wa Kiswahili haipewi mwalimu huyo. Jibu limo katika ikama. Hapa Uganda, elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1997, wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5, na hesabu ya walimu ikafuata idadi ya walioandikishwa. Uwiano unaotajwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 53. Shule yenye wanafunzi 636 hustahili walimu 12. Yenye 212 ingestahili 4 tu, ilhali madarasa ni 7! Uwiano peke yake, basi, haufai kwa shule ndogo.

Kwetu sisi shida ni nyingine: hesabu hii haiulizi nani anafundisha nini. Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima. Lakini somo jipya haliongezi watoto, na kwa hesabu hiyo haliongezi nafasi. Kinachobaki kwa mwalimu mkuu ni kumgeukia aliyekwisha kuajiriwa, mwenye Kiswahili kidogo alichosoma chuoni, hata kama vipindi vyake vya Hisabati vimejaa.