Kutu Chini ya Rangi

Watu wengi waionapo motokaa ya zamani inayong'aa huuliza jambo moja tu: "Rangi hii mmeipiga wapi?" Ni wachache waulizao habari ya kilicho chini ya rangi. Sisi nasi tulikuwa miongoni mwa hao wengi, mpaka tulipoitengeneza motokaa ya marehemu baba yetu nyumbani kwetu Nyegezi, kusini ya mji wa Mwanza. Kazi ile ilitufunza mambo ambayo twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, na hasa vijana, ambao mikono yao i tayari kwa kazi lakini mara nyingi hukosa wa kuwaongoza.

Motokaa yenyewe ni Peugeot 404. Namna hii ilianza kutengenezwa Ufaransa mwaka 1960, na watu wa Afrika Mashariki waliipenda kwa sababu ilistahimili barabara zetu. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ilishika nafasi ya kwanza mwaka 1963, kisha miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 aliyeiendesha ni Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Mwaka 1963 na 1968 matope yalikuwa mengi hata motokaa zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu kila mwaka, na iliyotangulia mara zote mbili ilikuwa 404. Wazee wetu walizijua habari hizo, na mtu aliyekuwa na motokaa ya namna hii alitembea kifua mbele.

Baba aliinunua yetu mkononi mwa mtu mwaka 1974. Haikuwa ya fahari tu. Usiku mtaani kwetu, mwanamke akishikwa na uchungu, mlango uliogongwa ulikuwa wetu, na motokaa hiyo ndiyo iliyompeleka hospitali ya Bugando. Baba alipofariki tuliiacha chini ya mwembe, karibu na majabali, na miaka ikapita. Majani yakajaa katika kila upenyo, kuku wakataga katika kiti cha nyuma.

Mali ya warithi wote

Kabla ya kufungua hata nati moja tulikumbushwa na mama yetu kwamba motokaa ile si yetu sisi wanaume peke yetu. Ni mali ya mirathi. Mjane aliyeachiwa watoto ana thumuni yake, na binti ana fungu lake kama mtoto wa kiume alivyo na lake. Tumeona nyumba nyingi ambamo ndugu mmoja huichukua motokaa ya marehemu, akaitengeneza kwa fedha zake, kisha akadhani kwamba kwa kuitengeneza imekuwa yake. Ugomvi wa namna hiyo hudumu kuliko motokaa yenyewe. Basi tuliketi sote pamoja na dada yetu, tukaandika gharama zitatoka wapi, na ikiuzwa fedha zitagawanywaje. Dada yetu akatuongezea kitu kilichokuwa bora kuliko fedha: mtoto wake wa kiume, kijana aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na hana kazi, awe msaidizi wetu.

Adui aliye ndani ya bati

Tulijenga banda la mabati ubavuni mwa nyumba, tukaiingiza motokaa kwa kuisukuma. Kwanza tuliondoa betri, kisha tangi la petroli. Kijana asiyejua hudhani tangi tupu halina hatari. Kumbe tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa, maana mvuke uliobaki ndani ukichanganyika na hewa hulipuka kwa cheche moja tu. Mtu asichomelee chuma karibu na tangi, hata kama limekaa kavu kwa miaka mingi.

Jambo la pili ni vumbi. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata yakiwa kidogo. Kwa hiyo hatukuisugua rangi ya zamani ikiwa kavu. Tulitumia msasa wa maji, tukakusanya tope lake, na watoto wakakatazwa kuingia bandani. Hali kadhalika viatu vya breki vya zamani aghalabu vilitengenezwa kwa asbesto, nayo huharibu mapafu. Vumbi lake halipulizwi wala halifagiliwi. Hulowanishwa, likafutwa kwa kitambaa, na kitambaa kikatupwa.

Rangi ilipoondoka ndipo tulipomwona adui. Kutu haipatikani mpaka chuma kikutane na maji na hewa. Watu wa Unguja na Tanga hulalamikia chumvi ya bahari. Sisi ziwa letu ni la maji baridi, na motokaa zetu hupona katika hilo. Lakini matope na majani yaliyojibana ndani ya bati hukaa na unyevu miezi mingi baada ya mvua kukatika, na humo kutu hula polepole pasipo kuonekana.

Na hapa yafaa msomaji aijue 404. Haina fremu nzito ya chuma chini yake kama ilivyo kwa Land Rover za zamani. Bodi yenyewe ndiyo nguvu yake: sakafu, paa, na ile mihimili ya bati iliyokunjwa inayopita chini ya milango. Mhimili huo ukiliwa na kutu, motokaa itakwenda, itang'aa, na mpitanjia ataisifu. Lakini siku ya kugongwa ubavuni itajikunja kama kopo.

Tuliloficha

Tulianza kazi baada ya Idi, na kwa kuwa masika yalikuwa karibu tukawa na haraka. Haraka ikazidi alipotokea bwana mmoja kutoka mjini, aliyeipenda motokaa kabla haijaisha, akataja bei ambayo hatukuitazamia. Akasema atarudi Jumamosi. Tukagawana kazi: sisi tukashika injini na breki, na kijana tukamwachia bodi. Ijumaa rangi ilikuwa imekwisha kupigwa, bluu ile ile aliyoipenda baba, nasi tukaitazama tukafurahi.

Usiku ule, baada ya sala ya Isha, kijana alitujia uani akasimama bila ya kuketi.

"Wajomba," akasema, "mhimili wa kushoto si mzima. Una tundu la kuingia mkono. Nilijaza magazeti, nikapiga puti juu yake."

Tukamwuliza kwa nini hakusema.

"Niliwasikia mkisema mnunuzi anakuja Jumamosi."

Hatukuwa na la kumjibu. Alikuwa ameficha, lakini haraka iliyomfundisha kuficha ilikuwa yetu. Mmoja wetu akasema kwamba mnunuzi ana macho, na mali ya zamani huuzwa jinsi ilivyo. Tena puti ni kitu kinachotumiwa na kila gereji. Maneno hayo yalikuwa matamu, kwa sababu fedha ilikuwa karibu.

Mama alikuwa akisikiliza mlangoni. Akauliza, "Huyo bwana ana watoto?"

Tukasema anao.

"Watakaa upande gani?"

Mazungumzo yakaishia hapo. Sote tuliijua habari ya Mtume (S.A.W.) sokoni, alipoingiza mkono wake katika rundo la nafaka lililokuwa kavu juu, akakuta limelowa chini, akamkemea mwenye kuuza kwa kulificha lile ambalo watu walistahili kuliona. Tangu utotoni tulikuwa tumeisikia madrasa, nasi tukidhani kwamba ni habari ya wauza nafaka.

Asubuhi bwana yule alipokuja tulimweleza yote, tukamwonyesha mahali penyewe. Alitushukuru kwa adabu, akaondoka, wala hakurudi tena.

Kazi ya mara ya pili

Tulikata rangi mpya kwa mikono yetu wenyewe. Puti ikatoka kama mkate uliolowa, maana puti hunywa unyevu na kuushikilia juu ya chuma. Aliyeifunika kutu kwa puti ameilisha, hakuiua. Tukakata bati lote lililoliwa hata tukafika kwenye chuma kizima. Fundi wa mabati wa mjini akatukunjia mhimili mpya kwa kipimo cha ule wa kulia. Katika kuuchomelea hatukwenda kwa mstari mmoja. Tulichomelea kidogo hapa, kidogo kule, ili joto lisilipinde bati. Milango tuliiacha ikining'inia mahali pake muda wote, tukihakikisha inafunga vizuri kila tulipoongeza tone la chuma. Kisha ndani ya mhimili tukamimina nta ya kuzuia kutu, na yale matundu madogo ya chini yanayotoa maji, ambayo wengi huyaziba kwa kutojua, tukayaacha wazi.

Praima nayo yahitaji neno. Namna nyingi za praima hupitisha maji. Motokaa iliyopigwa praima ikaachwa mvuani mwezi mzima ni sawa na ambayo haikupigwa kitu. Tuliisubiri mvua ikatike ndipo tukaendelea: msasa mkavu kwenye puti chache iliyohitajika, kisha wa maji, tukianzia ulio mkali hata ulio laini, tukiongozwa na kiganja kuliko jicho. Kiganja huona bonde ambalo jicho halilioni.

Siku ya kupiga rangi haichaguliwi ovyo pwani ya ziwa. Tulitumia rangi ya selulosi, ikaukayo kwa hewa. Nayo ikipigwa wakati wa unyevu mwingi huota ukungu mweupe. Alasiri upepo wa ziwa huamka na kuleta vumbi. Kwa hiyo tulifanya kazi kati ya saa nne na saa sita mchana, sakafu ikiwa imemwagiwa maji ili vumbi litulie. Tukapiga tabaka nyembamba nyingi, kila mpigo ukifunika nusu ya uliotangulia, na kila tabaka tukaipa nafasi ya kukauka. Mwenye tamaa ya tabaka moja nene hupata machozi ya rangi.

Tena wako wale vijiinzi vya ziwani, vinavyoinuka juu ya maji kama nguzo za moshi. Vina desturi ya kutoka kwa wingi kufuatana na mwezi, zaidi katika siku zinazofuata mwandamo. Mara ya kwanza vilinasa kwenye boneti kwa mamia. Nyumba ya Kiislamu haikosi kujua mwezi umeandama lini, na bado hatukuitumia elimu hiyo! Mara ya pili tulingoja mpaka mwezi ukomae.

Kwa ajili ya afya, twawaonya vijana juu ya rangi zinazochanganywa na hadina, yaani dawa ya kugandisha. Nyingi zina kemikali ziitwazo aisosianati, ambazo zaweza kumwachia mtu pumu ya maisha, wala kitambaa au barakoa ya vumbi haizizuii. Rangi hizo zipigwe na fundi mwenye chumba maalumu na kifaa cha kumletea hewa safi, si nyumbani. Na rangi ya namna yoyote isipigwe karibu na jiko la mkaa, kwani mvuke wa thina hushika moto.

Kwa mwenye kununua

Aendaye kununua motokaa ya zamani achukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, aipitishe chini ya milango, pembeni mwa madigadi na kwenye sakafu. Penye bati itashika. Penye puti nene itaanguka. Na mwenye kuuza asingoje sumaku ya mwenziwe. Aseme mwenyewe.

Kijana wetu sasa yuko kwa fundi wa bodi, anajifunza kazi. Tumesikia kwamba ameachiwa mihimili yote ya gereji ile, kwa sababu haridhiki mpaka aone chuma. Motokaa haikuuzwa, warithi waliafikiana ibaki nyumbani. Mama huenda nayo kliniki kila mwezi, naye hukaa mbele, upande wa kushoto.