Kuchagua Programu ya Kuhariri Filamu za Darasani

Tuseme wanachuo wa Bunda wamepiga picha za video mwaloni Musoma, zikionyesha dagaa wanavyoanikwa, na nyingine Butiama, kijiji alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922. Kabla picha hizo hazijawa somo, hazina budi kukatwa, kupangwa na kutiwa maelezo. Kazi hiyo hufanywa kwa programu ya kuhariri. Je, tuchague ipi?

Kosa la kawaida ni kuanza na sifa za programu. Yatupasa tuanze na kompyuta tuliyo nayo. DaVinci Resolve, hata ile ya bure, huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 16. Katika mashine dhaifu picha hukwama. Shotcut, ambayo nayo ni ya bure, huridhika na gigabaiti 8 kwa picha za kiwango cha HD. Ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti, wala haitii nembo yake juu ya filamu.

Programu nyingine hutolewa kwa majaribio tu; muda ukiisha, mwalimu hushindwa kuendelea na kazi aliyoianza. Kwa hiyo, kwanza tuhariri dakika moja, tuitoe ikiwa filamu kamili, kisha tuitazame katika runinga au simu itakayotumika darasani. Programu ishindwayo na dakika moja isikabidhiwe kazi ya muhula mzima.

Mtoto haulizi filamu ilihaririwa kwa programu gani. Huuliza kwa nini dagaa huanikwa juani. Tumwandalie jibu.