Kuwapeleka watoto msituni Amani: hesabu vichwa kila mnaposimama

Ukifika Muheza mjini ukauliza gari la Amani, utaelekezwa mara moja. Lakini ukisema unawapeleka watoto wako kutembea msituni, utaulizwa: "Kwani ninyi watalii?" Wengi wetu tunaoishi karibu na milima ya Usambara tunaujua msitu kwa kuni, dawa na uyoga. Njia za kutembea kwa miguu tumewaachia wageni. Leo tunaeleza kwa nini familia za hapa nazo zizitembee, na namna ya kurudi nyumbani na watoto wote.

Kuna nini huko?

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilianzishwa mwaka 1997, ikiwa ya kwanza ya aina yake Tanzania. Ina ukubwa wa hekta 8,380. Bustani ya mimea ya Amani ni ya zamani zaidi: Wajerumani waliianzisha mwaka 1902.

Mto Zigi unatoka kwenye milima hii na kuingia bwawa la Mabayani, ambalo maji yake hutumika Tanga mjini. Mtoto akisimama kando ya mto huo, mwambie kwamba maji ya bombani kwa shangazi yake Tanga yanaanzia hapa. Atauelewa msitu kuliko kwa kusoma kitabuni.

Mwonyeshe pia ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1892 ofisa Mjerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul, alilipeleka kwao. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanalipanda kwenye vyungu madirishani. Asili yake ni milima yetu. Litazameni, msilichume.

Na kinyonga je? Watoto wengi wamefundishwa kumwogopa, lakini hana sumu. Kundi moja la vinyonga wa milima hii wanasayansi wamelipa jina Kinyongia, kutokana na neno letu wenyewe. Mwangalieni bila kumshika.

Kosa letu

Tulikwenda siku moja, watu wazima watatu na watoto saba. Tulikuwa tunapiga soga mbele, watoto wakifuata. Tuliposimama kunywa maji tukahesabu: sita. Tukahesabu tena: sita. Mtoto wa miaka saba alikuwa amebaki nyuma akimfuata kipepeo, akatoka kwenye njia. Tulimwita, hakuitika, kelele za maji zilizidi sauti zetu. Tulimkuta baada ya kama dakika kumi, amekaa chini ya mti analia. Kilichomwokoa ni kwamba hakuendelea kutembea. Sisi tulikuwa hatujamfundisha hilo. Ilikuwa bahati tu.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Chagua njia fupi. Mtoto mdogo ndiye anayepanga mwendo wa wote, siyo baba mwenye haraka.

Uliza langoni kuhusu kiingilio, njia na mtu wa kuwaongoza. Wenyeji hulipa kidogo kuliko wageni wa nje.

Epuka siku za mvua kubwa, hasa masika, Machi hadi Mei. Njia huteleza na vijito hujaa.

Wavalishe suruali ndefu, soksi na viatu vya kufunika mguu, kwa sababu ya siafu na kupe. Beba maji, chakula na nguo ya kujikinga na mvua.

Chaji simu ijae, na uhifadhi namba ya mtu wa hifadhi. Mabondeni mtandao husumbua, kwa hiyo mwache nyumbani mtu anayejua mmepita njia gani na mtarudi saa ngapi.

Mkiwa njiani

Mtu mzima mmoja atangulie, mwingine awe wa mwisho, watoto wakae katikati. Hesabuni vichwa kila mnaposimama, na kila mnapovuka kijito.

Mpe kila mtoto filimbi, na mfundishe maneno haya kabla ya kuingia: "Ukituona hatupo, simama. Kaa karibu na mti mkubwa. Piga filimbi mara tatu, pumzika, rudia." Mtoto anayetulia mahali pamoja hupatikana upesi, anayetembea huzidi kupotea.

Asionekane mtoto akila tunda la porini bila kuuliza. Asitie mkono kwenye shimo wala chini ya gogo, nyoka hupenda huko. Na ikifika saa tisa alasiri, geuzeni. Chini ya miti mikubwa giza huwahi.

Yule mtoto wa kipepeo bado anatuuliza tutarudi lini. Tumemwahidi tutarudi, na safari hii filimbi yake tumeshainunua.