Unauza kwa WhatsApp? Sheria inakuhesabu kuwa mfanyabiashara

Katika makutaniko yetu ya Butembo, Beni, Bunia na kwingine, biashara nyingi siku hizi hazina mlango wala kibao barabarani. Mama anaweka picha za vitenge kwenye WhatsApp asubuhi; kabla ya saa sita mwenye moto amekwisha kupeleka viwili, na feza zimeingia kwa M-Pesa ao Airtel Money. Vijana wanauza simu na viatu kwa Facebook bila kulipia hata meza sokoni. Tunamshukuru Mungu kwa mikono hiyo, zaidi katika majimbo ambamo watu wengi wamekimbia mashamba yao na hawana njia nyingine ya kulisha watoto.

Lakini kuna swali linalorudi kwa wachungaji mara nyingi: mtu asiye na duka anadaiwa kodi? Na akija mtu mwenye karatasi mkononi, apewe?

Sheria haiangalii duka, inaangalia tendo. Ukiuza friji yako ya zamani kwa sababu unahama, wewe si mfanyabiashara. Ukinunua kitu ili ukiuze tena kwa faida, na ukifanya hivyo kama kazi yako, unafanya biashara, hata kama duka lako lote ni simu moja. Ndivyo zinavyosema sheria za OHADA, ambazo nchi yetu iliziingia mwaka 2012.

Hapo watu wengi wanaogopa, kwa kuwa wamesikia neno RCCM, daftari la wafanyabiashara, na wanafikiri juu ya gharama na safari za ofisi kwa ofisi. Ni kweli kwamba biashara kubwa inaandikwa RCCM, inapata namba ya Identification nationale na namba ya kodi ya DGI, na leo mambo hayo yanapitia kwenye Guichet unique. Lakini sheria imefungua pia mlango mdogo ambao wachache wanaujua. Unaitwa “entreprenant”, kwenye karatasi utalikuta neno hili hivyo hivyo kwa Kifaransa. Ni mtu mmoja anayefanya kazi ndogo ya biashara, ufundi ao kilimo. Yeye haandikwi RCCM, anatangaza tu kazi yake kwa fomu, na sheria yenyewe inasema tangazo hilo ni bila malipo. Anapewa namba, na namba hiyo anaiandika kwenye fakture zake pamoja na maneno kwamba ni entreprenant asiyelazimika kuandikwa. Ofisini wakikuambia mlango huo haupo, waombe kwa upole wakuonyeshe kifungu. Wengine kweli hawajakisoma.

Pamoja na hilo kuna patente, ambayo mama zetu wa soko wanaijua tangu zamani. Sheria ya petit commerce ya tarehe 2 Agosti 1979 iliiweka kwa ajili ya wachuuzi Wakongomani wasio na RCCM. Feza zake ni za jimbo, si za Kinshasa. Ndiyo sababu anayeiomba ni mtu wa ofisi ya mapato ya jimbo, kama DGRNK huku Kivu ya Kaskazini, na si mtu wa DGI. Kuchanganya hawa wawili ndiko kunakofanya mtu alipe kitu kimoja mara mbili.

Sasa kodi ya mapato, ambayo ni kazi ya DGI. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iligawa biashara ndogo kwa mafungu mawili. Kwa sheria hiyo, anayeuza kwa mwaka mzima vitu visivyopita franka 10,000,000 analipa kiasi kimoja kilichokwisha kuwekwa, bila mahesabu mengi. Anayepita hapo lakini hajafika 80,000,000 analipa asilimia 1 ya mauzo kama anauza bidhaa, na asilimia 2 kama anauza kazi, kwa mfano ushonaji ao usafirishaji. Ni kuanzia 80,000,000 tu ndipo TVA ya asilimia 16 inaombwa kwa muuzaji. Kwa hiyo mama wa vitenge anayeambiwa “ongeza TVA kwenye bei yako” anadanganywa, ao anachukuliwa kuwa mtu mkubwa kuliko alivyo. Sheria ya bajeti inaweza kugusa viwango hivi kila mwaka, basi mwanzoni mwa mwaka pita kwenye kituo cha kodi cha wadogo, CIS, uulize.

Kuna jambo moja hapa ambalo sharti tulione vizuri. Viwango hivi viliandikwa kwa franka, na sisi tunanunua na kuuza kwa dola. Mwaka 2013 dola moja ilikuwa karibu franka 920, na 10,000,000 zilikuwa karibu dola 10,900. Mwaka 2024 dola ilipofika karibu franka 2,800, kiasi kile kile kilikuwa karibu dola 3,600, yaani mauzo ya dola 300 kwa mwezi. Mtu aliyekuwa mdogo sana machoni pa sheria amepandishwa fungu bila kuuza hata kitenge kimoja zaidi.

Na angalia vizuri neno mauzo. Asilimia 1 inakatwa juu ya kila kilichoingia, si juu ya faida. Tuseme dada anaagiza vitenge 20 kutoka Kampala kwa dola 12 kila kimoja: hiyo ni 240. Usafiri na mpaka, 30. Kutuma na kutoa feza kwa simu, 6. Mega, 10. Watu wa moto, 14. Jumla 300. Anauza kila kimoja dola 18, anapata 360. Moyoni anahesabu faida ya dola 6 kwa kitenge, yaani 120, na tayari amekwisha kuahidi minerval ya mtoto kwa hesabu hiyo. Kweli amepata 60. Kodi ya asilimia 1 itakuwa dola 3 na senti 60, na itatoka kwenye 60 hizo. Si kodi iliyomharibia mahesabu. Hakuwa na kitabu.

Kitabu hicho sheria ya OHADA inamwomba entreprenant akishike. Kila siku anaandika feza zilizoingia na zilikotoka, akitenga za mkononi na zile zilizopita njia nyingine kama simu, kisha anaandika zilizotoka na kazi zilizofanya. Anakitunza kwa miaka 5 angalau. Daftari ya shule inatosha. Kumbukumbu za M-Pesa ndani ya simu hazitoshi, kwa kuwa simu huibiwa, na humo feza za biashara zinakaa pamoja na mchango wa harusi na feza ambazo shangazi ametuma. Mwenye kuweza, atafute laini moja ya simu kwa biashara tu.

Juu ya mpaka nitasema kifupi. Vitu vinavyopita Kasindi ao Mahagi kwa kuuzwa vinadaiwa ushuru wa DGDA, TVA ya kuingiza na ukaguzi wa OCC, hata kama mwenyewe ni entreprenant. Simu kumi ndani ya sanduku si mzigo wa msafiri. Wengi wanaagiza kwa kuunganisha mizigo na kumlipa msafirishaji bei moja ya yote; si vibaya, lakini mwombe nakala ya karatasi ya kuingiza mzigo. Bila karatasi hiyo, kila kizuizi njiani kinaweza kukuita mfanya magendo. Dawa za hospitali usiziuze kabisa kwa simu kama huna ruhusa ya famasi.

Kwa upande wa mnunuzi, ile desturi ya “bei njoo inbox” haipatani na sheria ya tarehe 9 Julai 2018 juu ya bei na ushindani, inayotaka mnunuzi aonyeshwe bei. Andika bei chini ya picha. Andika pia jina lako la kweli na mahali unapopatikana. Na Kanuni ya digitali ya tarehe 13 Machi 2023 imetambua maandishi ya elektroniki kuwa ushahidi, kama mwandishi wake anajulikana na hayajageuzwa. Kwa hiyo ukiandika kwa WhatsApp “mzigo utafika Jumamosi”, umejifunga. Wewe nawe usiamini picha ya malipo ambayo mnunuzi amekutumia. Fungua hesabu yako uone kama feza zimeingia kabla mwenye moto hajaondoka.

Turudi kwa mtu mwenye karatasi mkononi. Muulize anatoka ofisi gani, anadai kodi gani, ya mwaka gani, na uombe aiandike. Kodi inayodaiwa kwa haki ina karatasi yenye namba, na feza zake huenda kwenye hesabu ya serikali benki, si mfukoni mwa aliyeketi sebuleni mwako. Wapo waamini wanaosema kwamba hawatalipa serikali isiyotengeneza barabara. Nawaelewa. Lakini Paulo aliwaandikia Warumi, sura ya 13, juu ya kodi chini ya Kaisari, naye Kaisari huyo hakuwa mtu mwema. Na Yohana Mbatizaji, katika Luka 3, aliwaambia watoza ushuru wasidai zaidi ya kilichoamriwa. Neno hilo linatupa haki ya kuuliza: kilichoamriwa ni kiasi gani?

Ndugu wa Goma na Bukavu watasoma haya kwa shida zaidi, kwa kuwa Januari na Februari 2025 miji hiyo ilitoka mikononi mwa serikali na benki zikafungwa. Kwenu ninyi naomba moja tu: kila mnachotozwa, na yeyote aliyekitoza, kiandikwe kitabuni pamoja na tarehe, na kila karatasi itunzwe. Siku moja mtaulizwa juu ya miaka hii.

Jambo la mwisho ni kwa mama zetu. Ofisi zingine bado zinamwomba mwanamke aliyeolewa alete ruhusa ya mume ili aandikishe biashara. Ruhusa hiyo iliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyorekebisha Sheria ya familia. Inayobaki ni kwamba mume na mke wapatane juu ya matendo yanayowafunga, na hilo linamhusu mume vilevile anapochukua deni kwa ajili ya duka lake. Anayeombwa karatasi ya mume aitaje sheria hiyo kwa tarehe yake, na kama bado anakataliwa, aombe jibu hilo kwa maandishi.