Bei Unaitaja Wewe, Hoteli Wanaichagua Wao

Mteja ataje bei, muuzaji aseme ndiyo au hapana. Kwa wazo hilo Jay Walker, mfanyabiashara wa jimbo la Connecticut nchini Marekani, aliifungua tovuti ya Priceline Aprili 1998. Ilianza na tiketi za ndege, na kabla ya mwaka kwisha ikaongeza vyumba vya hoteli. Machi 1999 hisa zake zilipoingia sokoni kwa dola 16, siku ya kwanza zilifunga kwa dola 69. Mwigizaji William Shatner, aliyejulikana kwa tamthilia ya Star Trek, alionekana kwenye matangazo akiwahimiza Wamarekani wataje bei zao wenyewe.

Utaratibu ulikuwa hivi. Msafiri alichagua mji, eneo ndani ya mji huo, kiwango cha nyota na tarehe. Kisha aliandika kiasi alichokuwa tayari kulipa kwa usiku mmoja, akaingiza namba za kadi yake, akakubali masharti, akabonyeza. Ikipatikana hoteli ya kulikubali dau lake, kadi ilikatwa papo hapo, na hapo ndipo jina la hoteli lilipojitokeza. Hakukuwa na kughairi, kubadilisha tarehe wala kurudishiwa pesa. Dau likikataliwa, mteja alipaswa kubadilisha kitu, kwa mfano kuongeza eneo jingine au kushusha nyota, la sivyo asubiri saa 24 ndipo ajaribu tena kwa masharti yale yale.

Kwa nini hoteli yenye jina lake iuze kwa kujificha? Kwa sababu chumba kisicholaliwa leo hakiwekwi stoo kiuzwe kesho. Mapato ya usiku huo yamepotea moja kwa moja, ilhali kumpokea mgeni mmoja zaidi kunagharimu kidogo tu: shuka safi, umeme, maji, saa moja ya mhudumu. Hoteli za wilaya za biashara hujaa Jumanne na Jumatano, kisha Jumamosi korido zinabaki kimya. Meneja angependa kuviuza vyumba hivyo vitupu kwa nusu bei, lakini akiitangaza nusu bei hadharani, hata yule mgeni wa kampuni aliyezoea kulipa bei kamili ataidai. Jina likifichwa, tatizo linakwisha. Mwenye haraka na mwenye kuchagua analipa bei kamili, na asiyejali alale wapi anapata chumba cha bei poa. Punguzo hili, basi, si la uongo. Lipo, na lina sababu ya kibiashara inayoeleweka.

Kasoro iko kwenye upande wa mnunuzi.

Anayenunua mbuzi mnadani humpapasa mgongo, humfunua midomo atazame meno, husikiliza bei wanayotaja wenzake, na akiona haimfai huondoka zake. Muuzaji naye anamwona akiondoka, pengine anamwita arudi. Kupatana bei kwa namna hiyo kuna haki kwa sababu pande zote mbili zinakijua kinachouzwa. Kwenye dau la gizani mnunuzi amenyang'anywa vyote hivyo, akaachiwa kazi moja tu, ya kutaja pesa. Mbuzi yumo guniani, na mwenye gunia ndiye peke yake anayejua kama ni beberu aliyenona au kizee cha kuchechemea.

Zaidi ya hapo, mtoa dau hakuwa akipatana na hoteli hasa. Hoteli iliipa tovuti bei yake ya chini kabisa, na mteja hakuionyeshwa. Tuseme hoteli imeweka dola 80 na mteja ametaja dola 110. Dau linakubaliwa, mteja anashangilia, na zile dola 30 za kati zinabaki kwa tovuti. Kukubaliwa kwa dau kulimwambia mteja jambo moja tu, kwamba pesa alizotaja zilitosha. Huenda zilizidi, na hakuna aliyemwambia zimezidi kwa kiasi gani.

Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alichapisha makala kuhusu soko la magari yaliyotumika, makala iliyochangia kumpa Tuzo ya Nobel mwaka 2001. Hoja yake ni kwamba muuzaji akijua ubora wa gari na mnunuzi asijue, mnunuzi mwenye akili atakataa kulipa bei ya gari zuri, na wenye magari mazuri watajiondoa sokoni. Vyumba vya hoteli havijafikia huko, kwa kuwa hata hoteli nzuri ina siku zake za ukame. Lakini mwelekeo ni ule ule. Hoteli inayopendwa na wageni hujaa kwa bei ya wazi. Inayobakiwa na vyumba usiku hadi usiku ndiyo yenye haja kubwa ya kuvimwaga gizani. Kwa hiyo anayetaja bei huku akiwa na picha ya hoteli nzuri kuliko zote katika eneo hilo anajidanganya. Bei salama ya kutaja ni ile ambayo angekuwa tayari kuilipia hoteli duni kuliko zote zenye nyota hizo, katika kona mbaya kuliko zote ya eneo hilo. Akipata bora zaidi, ni faida yake. Akipata ile duni, hajaibiwa.

Nyota zenyewe zahitaji tahadhari. Nchini Ufaransa nyota za hoteli hutolewa kwa utaratibu wa kitaifa chini ya taasisi ya Atout France, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina vigezo vya pamoja vya kuzipanga hoteli katika madaraja. Marekani hakuna mamlaka ya serikali inayogawa nyota. Tovuti ya mauzo hujipangia yenyewe, kwa hiyo hoteli moja yaweza kuwa na nyota tatu na nusu hapa na nyota nne pale. Na ramani ya eneo huchorwa na tovuti hiyo hiyo. Mstari wake unaweza kuzikusanya pamoja hoteli iliyo mlangoni pa kituo cha treni na nyingine iliyo mbali nacho, ng'ambo ya barabara kuu isiyopitika kwa miguu.

Kuna jambo ambalo familia nyingi huligundua mapokezi, mizigo ikiwa chini na watoto wakisinzia. Chumba kilichouzwa kwa dau kilihakikishiwa kutosha watu wazima wawili, basi. Kitanda kimoja kikubwa au viwili vidogo? Hapakuwa na ahadi. Chumba cha wavutaji au wasiovuta? Hapakuwa na ahadi. Mama na binti yake mtu mzima, au wafanyakazi wawili waliotumwa mkutanoni, waliweza kujikuta wamepewa kitanda kimoja. Familia ya watu wanne iliweza kuambiwa inunue chumba cha pili, tena kwa bei kamili ya siku hiyo.

Halafu zinakuja ada. Hoteli nyingi za Marekani hutoza ada ya lazima ya kila usiku kwa ajili ya intaneti, bwawa la kuogelea au ukumbi wa mazoezi, mgeni avitumie au asivitumie. Kwenye hoteli kubwa za Las Vegas ada hiyo imeshavuka dola 50. Aliyetoa dau bila kujua jina la hoteli hakuwa na njia ya kujua ada yake. Chukua mfano wa usiku tatu Manhattan kwa dau la dola 110: jumla dola 330. Kodi za vyumba jijini New York ni asilimia 14.75, na juu yake dola 3.50 kwa kila usiku, hivyo zinaongezeka kama dola 59. Hoteli ikiwa na ada ya dola 35 kwa usiku, ongeza 105. Mtu aliyejisifu amepata chumba cha dola 110 amelipa karibu dola 165 kwa usiku, na bado hajanywa chai.

Hapo sheria imesaidia kiasi. Kuanzia Mei 12, 2025, kanuni ya Tume ya Biashara ya Marekani inawataka wauzaji wa malazi ya muda mfupi waonyeshe bei yenye ada zote za lazima tangu mwanzo, ingawa kodi za serikali zaweza kuongezwa baadaye. Lakini kwenye suala la kughairi mnunuzi amebaki peke yake. Hata Umoja wa Ulaya, unaompa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo, umeyaacha nje ya haki hiyo malazi yenye tarehe maalumu.

Kwa msafiri anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, sharti hilo la kutorudisha pesa ndilo zito kuliko yote. Mwombaji wa viza ya Schengen hutakiwa kuonyesha atalala wapi, na ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Akilipia chumba kisichoghairika kabla ya kupata jibu, kisha viza ikakataliwa, anapoteza ada na hoteli kwa pamoja. Wapo pia walioko ughaibuni wanaowanunulia wazazi vyumba wanapokuja kwenye mahafali au harusi. Vyumba vya namna hii hutolewa kwa jina moja lisilobadilishwa. Kijana akiandika jina lake kwa mazoea, mzee anafika kaunta na pasipoti yenye jina jingine, na mwenye kadi yuko kazini maili mia mbili kutoka hapo.

Hoteli nyingi za Marekani hutaka pia kadi ya kushikilia amana, hata kama chumba kimelipwa chote. Kwenye kadi inayokata moja kwa moja akaunti ya benki, pesa hizo zaweza kuzuiliwa kwa siku kadhaa baada ya mgeni kuondoka. Las Vegas kwa kawaida humpokea mwenye chumba aliyetimiza miaka 21, na mwanafunzi wa miaka 19 hatasaidiwa na risiti yake. Dubai nako, tangu 2014, kuna tozo ya utalii ya dirhamu 7 hadi 20 kwa chumba kwa usiku, kutegemea daraja la hoteli, na kwa kawaida hulipwa hotelini.

Dau lenyewe limepungua nguvu. Priceline iliacha kupokea madau ya tiketi za ndege mwaka 2016, na baadaye huduma zilizobaki zikafuata. Kampuni mama, ambayo wakati huo ilikuwa imeshainunua Booking.com, tangu 2018 inaitwa Booking Holdings. Lakini gunia halijatupwa. Hotwire, iliyoanzishwa mwaka 2000 na sasa iko chini ya Expedia, bado huuza vyumba kwa kutaja bei na kuficha jina. Priceline nayo inafanya hivyo hivyo. Ipo hata aina inayoonyesha hoteli tatu, mteja akilipa anapewa mojawapo. Hii ni nafuu kubwa kwa msafiri, kwani anaweza kuichunguza ile mbaya kati ya tatu na kujiuliza kama ataiweza.

Nafuu nyingine ni kwamba siri hizi hazifichiki vizuri. Eneo, nyota, alama za wageni na orodha ya huduma, vikilinganishwa na hoteli zilizo wazi kwenye tovuti hiyo hiyo, mara nyingi hubakiza majina mawili au matatu. Kama eneo lina hoteli moja tu ya nyota tano, hapo hakuna siri yoyote. Na tangazo likisema punguzo la hadi asilimia 60, bei ya kulinganisha ni ile ambayo hoteli hizo zenyewe zinauza kwa tarehe hiyo, pamoja na kodi, tena ya chumba kinachoghairika.

Msafiri mmoja, au wawili, wenye usiku mmoja karibu na uwanja wa ndege na tarehe isiyoyumba, wanaweza kununua gizani na kuokoa pesa. Mwenye watoto, mwenye mzazi anayehitaji lifti au bafu la kuingilika kwa kiti cha magurudumu, na anayesubiri muhuri wa ubalozi, tafadhali waongeze hizo dola 20 au 30 walipie chumba chenye jina, simu ya mapokezi na tarehe ya mwisho ya kughairi.