Fahali Hupimwa kwa Maziwa ya Mama Yake

Mangateen, Juba, ipo kambi ya watu waliofurushwa na vita, wengi wao Wanuer. Ni wafugaji, na hata mfugaji aliye mbali na zizi elimu yake anayo. Muulize mzee wa Kinuer ni ndama yupi aachwe awe dume la mbegu, atakuuliza kwanza mama yake anakamuliwa kiasi gani.

Jibu hilo lina sayansi ndani yake. Fahali hatoi maziwa, lakini damu ya maziwa anayo, na atawarithisha binti zake. Mwanaanthropolojia Evans-Pritchard, aliyeishi na Wanuer miaka ya 1930, aliona wakihasi madume karibu yote na kubakiza fahali mmoja kwa majike 30 hadi 40 hivi, tena mtoto wa ng'ombe mwenye maziwa mengi. Kwa hiyo dume mmoja akikosewa, kizazi kizima cha ndama kinaharibika. Uteuzi, kwa kweli, ni kazi ya kukataa: wengi huzuiwa wasizae.

Wanuer hao hao humkata dume kijana pembe kwa pembeni ili ikue ikipinda wanavyotaka. Maksai wa namna hiyo hupendeza macho, lakini hata angeachwa bila kuhasiwa, ndama wake wangeota pembe za ukoo wao tu. Kisu hakirithishwi. Rangi ya madoa, ndiyo, hurithiwa.

Mtama nao ulichaguliwa, ila bila mtu kukusudia. Mtama mwitu ukiiva hupukutisha punje. Mvunaji alibeba nyumbani masuke ambayo punje zake zimeng'ang'ania, akapanda hizo msimu uliofuata, na wajukuu wake wakafanya vivyo hivyo. Vigae vya vyungu vilivyofukuliwa karibu na Kassala, mashariki mwa Sudan, vina alama za mtama uliokwisha kuanza kubadilika hivyo zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Leo mtama wa shambani hauwezi kujisambaza bila mkono wa binadamu.

Basi ewe mkulima, usingoje kuchota mbegu ghalani, maana ghalani punje zote hufanana. Pita shambani kabla ya kuvuna, funga kamba kwenye mashina yaliyostahimili jua na ndege, hayo yavune peke yake. Punje ulizovuna kwenye mbegu chotara ya dukani usizipande tena: kizazi cha pili cha mbegu hiyo hutawanyika, shina hili refu, lile fupi, na mavuno hupungua.